Hedifoni Msumarini

Nyumbani kwa Zawiyah sheria zilikuwa nyingi, lakini iliyofuatwa na wote ilikuwa moja. Hedifoni ikiwa kichwani mwa Mak, yaani mama, kimya. Hedifoni ikiwa msumarini, pigeni kelele mpaka mchoke, mradi msiangushe televisheni.

Msumari wenyewe ulikuwa juu ya meza nyembamba iliyobanwa kati ya mlango wa chumba na kabati la nguo, maana katika fleti nzima hapo tu ndipo mtandao uliposhika bila kukatika. Hapo Zawiyah alikaa tangu asubuhi hadi karibu na alasiri akipokea simu za kampuni ya viyoyozi. Nusu ya Kuala Lumpur ilimpigia kumlalamikia joto, naye akawasikiliza kwa sauti laini huku jasho likimchuruzika mgongoni, kwa sababu feni yake mwenyewe ilikuwa imezimwa. Maikrofoni ya hedifoni ilinasa mvumo wa feni kuliko ilivyonasa sauti ya mtu. "Pole sana bwana, najua joto linavyotesa," alikuwa akisema, na kwa hilo hakuwahi kumdanganya mteja.

Kampuni ilitaka ukimya nyuma ya sauti ya mhudumu. Msimamizi aliweza kuingia kwenye simu yoyote bila kubisha hodi, na akisikia mtoto anakohoa, alama zinakatwa. Alama zikikatwa, nyongeza ya mwezi huo usiiwaze. Siku ya usaili Zawiyah aliulizwa kama ana chumba tulivu cha kufanyia kazi, akajibu anacho. Hakuulizwa ndani ya utulivu huo mna watu wangapi, basi na yeye hakujisumbua kutaja watoto sita.

Sita, ndiyo. Majirani wa ghorofa ya tisa waliwaita kwa zamu zao za kuzaliwa, kama kila nyumba ya Kimalay inavyowaita wake. Along ndiye mkubwa, msichana wa kidato cha tatu mwenye mdomo wa mtu mzima. Wakafuata Angah, Alang, Uda na Acik, na mwisho kabisa Usu, kitinda mimba, wa miaka minne. Majina ya kwenye vyeti walikuwa nayo, lakini ukimwita Usu kwa jina la cheti angegeuka kutazama nyuma aone anaitwa nani. Vyumba vya kulala vilikuwa viwili. Magodoro yalikunjwa asubuhi na kutandikwa jioni, na asiyekunja lake hakupata chai.

Sasa, kusema hakuruhusiwi, na shida za watoto hazingoji. Wakajitengenezea lugha ya mikono. Hakuna aliyekaa nao kuwafundisha, ilijiotea yenyewe. Kupapasa tumbo ilikuwa njaa. Kuvuta sikio ilikuwa kumshtaki Uda, maana mkosaji siku zote alikuwa Uda. Na ishara iliyotumika kuliko zote ilikuwa hii: unagusa midomo kwa ncha za vidole, kisha unafungua kiganja mbele ya Mak. Naruhusiwa kusema? Jibu nalo lilikuwa moja. Mak akivua hedifoni na kuitundika, sema. Asipoivua, subiri, hata kama anaongea na anakutazama usoni, kwa sababu haongei na wewe.

Shule zilikuwa za zamu, wengine asubuhi, wengine mchana, kwa hiyo hapakuwa na saa ambayo fleti ilibaki tupu. Waliokuwepo walipewa simu watazame katuni, sauti imezimwa kabisa. Usu alikulia humo. Alimjua kila paka, kila sungura na kila roboti kwa sura, na hakuna hata mmoja ambaye yeye aliwahi kumsikia akisema neno.

Naye mwenyewe hakusema. Huo ndio uliokuwa mwiba moyoni mwa Zawiyah. Acik kwa umri huo alikuwa anabishana na watangazaji wa televisheni, lakini Usu alinong'ona maneno mawili matatu sikioni mwa Acik wakati wa kulala, basi. Hedifoni ikitundikwa, watano wakubwa walifumuka kwa pamoja, huyu ana njaa, huyu kachaniwa daftari, huyu kaitwa na mwalimu, na mpaka zamu ya Usu ifike, Mak amekwisha kuitwa tena na kompyuta. Nesi wa kliniki alisema asubiriwe. Zawiyah alisubiri, na kila siku aliyosubiri alijilaumu.

Sikukuu ya Idi ilipofika walisafiri, wote wanane, kwenda Perak kwa Mak Long.

Mak Long alikuwa dada mkubwa wa Hasnul, mume wa Zawiyah. Watu wote walimwita Mak Long, yaani shangazi mkubwa, wakubwa kwa wadogo. Mama yao alifariki Hasnul akiwa bado anatambaa, na dada huyo ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwoza. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Mumewe alipokufa alibaki peke yake katika nyumba ya mbao yenye vyumba vinne, akikaanga krispi za ndizi na kuziuza sokoni Kuala Kangsar. Alikuwa na mkono wa kutoa, na ulimi wa kuchoma.

Siku ya pili ya Idi alikuwa jikoni akikaanga, simu yake ikiwa dirishani, mawaidha ya sheikh yamefunguliwa mpaka mwisho. Mafuta yalichacharika, sheikh akapiga kelele, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

"Sheikh anasema nini hapo?" Mak Long alilalama. "Nimesikia 'enyi wanawake' tu, kilichofuata kimeliwa na mafuta!"

Zawiyah alicheka. Akaingiza mkono katika mkoba wake, akatoa hedifoni ya zamani, ile aliyoitumia kazini miaka yote kabla kampuni haijampa mpya, nyeusi, yenye kijiti cha maikrofoni mbele ya mdomo. Watoto walikuwa wakiichezea. Akamvisha wifi yake juu ya ushungi na kuchomeka waya kwenye simu.

Uso wa Mak Long ulikunjuka. "Hee! Sheikh yumo ndani ya kichwa changu!" alipiga kelele, kama watu wanavyopiga kelele wakivaa vitu hivyo. "Zawiyah, hii sirudishi!"

"Usirudishe, Mak Long. Ni yako."

Tangu hapo hakuivua. Zawiyah alifurahi kwamba angalau safari moja amempa wifi yake kitu ambacho hakikutolewa kasoro.

Furaha hiyo ilidumu mpaka chakula cha mchana. Walikuwa wamekaa mkekani, sahani ya rendang, nyama iliyokaushwa kwa nazi na viungo, katikati, na Mak Long, hedifoni ikiwa shingoni kwa ajili ya chakula, alikuwa akimtazama Usu. Mtoto alikuwa anapapasa tumbo.

"Zawiyah, huyu mtoto ana nini? Nimemsalimia tangu jana, ananionyesha tumbo tu."

"Ana njaa, Mak Long."

"Mwenye njaa husema nina njaa. Huyu ana miaka minne! Baba yake kwa umri huu alikuwa anaimba mpaka majirani wanafunga madirisha."

"Bado anaimba, wanafunga vilevile," Along alidakia.

"Nyamaza wewe, sijakuuliza. Ni simu hizo. Mmempa simu imlee. Mtakuwa na watoto watano na bubu mmoja, na kosa si lake." Akamgeukia Hasnul, na sauti yake ikashuka. "Nuk, nipe mimi huyu."

Nuk ni jina alilomwita Hasnul tangu utotoni, na alilitumia kwa uangalifu, maana halikuwahi kushindwa. Hasnul aliacha kutafuna.

"Nyumba yangu hii ina vyumba vinne na mtu mmoja," Mak Long aliendelea. "Yenu ina vyumba viwili na watu wanane. Kuku wapo, mto upo, nafasi ipo. Simnyang'anyi mtu. Mtamwona kila Idi, kila likizo. Mniachie likizo hii tu tuone. Ikiisha hajasema neno, namrudisha mwenyewe, na sitafungua tena mdomo wangu juu ya watoto wenu. Akisema, anabaki."

Hapo pasiwe na kumwonea Mak Long. Katika ukoo ule kumpa ndugu mtoto amlee halikuwa jambo la kushangaza. Katika kila nyumba mbili tatu ungemkuta mmoja aliyelelewa kwa shangazi au kwa bibi, na hakuna aliyeona amepungukiwa. Mak Long aliomba kitu kinachoombeka. Lakini Zawiyah alikuwa na tonge la wali kinywani, na kabla hajalimeza, mumewe alikwisha kujibu.

"Sawa, Mak Long."

Zawiyah alimngojea Hasnul nyuma ya nyumba, penye bomba la kuoshea vyombo.

"Umemtoa mwanangu kama unapitisha sahani."

"Sijamtoa. Nimemwazima likizo moja."

"Mtoto haazimwi, Hasnul."

"Mimi niliazimwa," alisema polepole. "Nimeharibika?"

Zawiyah alisugua sufuria mpaka mikono ikauma. Hasnul aliendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda, akatoka watoto hawajaamka na kurudi amechoka hata kuvua viatu. Wote wawili walijua jinsi fleti ilivyo. Na wifi yake angeweza kuwa amesema kweli; pengine kinachomziba mtoto mdomo ni yeye mama yake, na kazi yake, na msumari wake. Akiwa mbali naye huenda atafunguka. Zawiyah aliogopa Usu asiseme, na aliogopa zaidi aseme. Hofu mbili kama hizo, zikivutana ndani ya mtu mmoja, hazimpi hata nafasi ya kulia.

Usu hakulia walipoondoka. Alisimama ngazini kando ya Mak Long, ambaye alikuwa amekwisha kurudisha hedifoni kichwani, akapunga mkono.

Ghorofa ya tisa maisha yakaendelea. Kuna watu wanaodhani ukiwa na sita, mmoja akikosekana hutaona. Zawiyah aliona. Aliona nafasi kwenye godoro la Acik, aliona kikombe cha bluu kikibaki kikavu, na alijikuta akiwa katikati ya simu ya mteja anatazama chini ya meza, ambapo Usu alizoea kukaa akiwa ameegemea mguu wake. Alijua uzito ule mguuni kuliko alivyojua saa.

Kila siku baada ya swala ya adhuhuri Mak Long alipiga.

"Bado," alisema. "Anakula vizuri, analala vizuri, anafukuza kuku. Lakini neno, hamna. Naongea naye siku nzima, Zawiyah. Namwambia sema ndizi, sema kuku, sema Mak Long. Ananitazama tu na kuchezesha mikono."

"Atasema, inshallah," Zawiyah alijibu, na moyoni akasema alhamdulillah. Kisha akaona aibu. Ni mama gani huyu anayemshukuru Mungu kwa ububu wa mtoto wake? Alijiuliza hivyo kila adhuhuri, na kila adhuhuri neno "bado" lilimshusha pumzi.

Likizo ilipokaribia kwisha, Mak Long alipiga kwa video. Ilikuwa saa ya mapumziko ya Zawiyah, hedifoni iko msumarini, feni imewashwa, watoto wote watano wamejazana nyuma ya kiti chake wakigombea kuonekana. Kwenye kioo palionekana jiko la Perak. Mak Long alikuwa kwenye kigoda akikata ndizi, simu ameiegemeza kwenye mkebe wa sukari, hedifoni juu ya ushungi, kijiti mbele ya mdomo. Kando yake, Usu.

"Usu! Usu!" watoto waliita.

"Usu hawasikii ninyi, sauti inaingia kwangu tu," alisema Mak Long. "Haya mtazameni wenyewe. Usu, wasalimie ndugu zako. Sema hamjambo. Mnaona? Hiyo mikono tena!"

Usu hakuwa akitazama simu. Alikuwa amemwelekea Mak Long. Aligusa midomo kwa ncha za vidole, akafungua kiganja. Akangoja. Akagusa tena, akafungua tena.

"Mak," alisema Acik, "Usu anaomba kusema."

"Mbona Mak Long hamjibu?" aliuliza Alang.

"Atamjibuje, hajavua," Along alisema, kisha akajishika mdomo.

Zawiyah aliona yote kwa mara moja. Ile hedifoni, ileile, ambayo mtoto aliijua tangu alipofungua macho. Mwanamke anayeivaa kuanzia alfajiri mpaka kulala na kuivua kwa chakula na swala, na kwenye chakula mtoto mdomo umejaa, na kwenye swala ndiyo kabisa hasemi. Mak Long alikuwa anamwambia sema, sema, siku nzima. Lakini kwa Usu mtu mwenye hedifoni akiongea haongei na wewe, anaongea na watu wa kazini. Mtoto wake hakuwa bubu wala mjinga. Alikuwa na adabu. Likizo nzima alikuwa akiomba ruhusa, na hakuna aliyempa.

Zawiyah alifungua mdomo, akaufunga.

Kwa sababu kilichobaki kilikuwa rahisi mno. Asiseme kitu. Kesho Ijumaa, keshokutwa Jumamosi, likizo imekwisha, mtoto hajasema, mtoto anarudi. Ahadi ni ya Mak Long mwenyewe. Akirudi, atamvulia hedifoni yeye, kwa wakati wake, hapa hapa, na atasema, na hapatakuwa na wa kumchukua. Siku mbili tu. Amekaa kimya muda wote huo, siku mbili zitamdhuru nini?

Kwenye kioo Usu aligusa midomo tena. Safari hii hakufungua kiganja chote, vidole vilifunguka nusu tu, kama mtu aliyekwisha kujua jibu.

Zawiyah hakuweza. Kuna mambo mama anayaweza na kuna ambayo hayawezi, na kumtazama yule mtoto akiomba kusema halafu amnyime kwa faida yake mwenyewe, hilo lilimshinda.

"Mak Long," alisema. "Vua hedifoni."

"Nikivua sitakusikia."

"Usinisikie. Ivue, uitundike ukutani, mahali anapoiona."

"Wewe nawe! Niko na mafuta jikoni, nianze kutundika..."

"Mak Long, nakuomba. Kwa haki ya Mungu."

Mak Long alimtazama kwenye kioo. Akaivua, akainuka, akachomoa mwiko mmoja kutoka kwenye msumari wake na kuitundika pale, karibu na karai. Waya ukanyooka. Sauti yote iliyokuwa inakuja Kuala Lumpur ilipitia kwenye kile kijiti, na kijiti sasa kilikuwa juu ya jiko, kwa hiyo kilichosikika katika fleti kilikuwa mafuta tu yakichacharika.

Lakini picha ilikuwepo. Usu alitazama hedifoni ukutani. Akamtazama Mak Long. Mdomo wake ukafunguka, ukafumba, ukafunguka tena, kisha ukaanza kwenda, na kwenda, na kwenda, hausimami.

"Anasema!" Uda aliruka. "Usu anasema!"

Wakarukaruka wote watano mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Zawiyah alisogeza uso mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Hakusikia hata neno. Alimwona mwanawe akisema kama mwanawe alivyowaona paka na sungura wake wakisema miaka yote, midomo bila sauti, na alitamani kuingiza mkono mle ndani. Alimwona Mak Long akiweka kisu chini. Alimwona akichukua ncha ya ushungi na kujifunika uso. Kisha kompyuta ikalia, mapumziko yamekwisha, mteja wa kwanza yuko tayari.

Along alizima feni. Zawiyah alivaa hedifoni. "Karibu, nikusaidie nini?" alisema, na mteja akamuuliza, "Dada, una mafua?"

Jioni alipiga Perak. Mak Long alipokea haraka, sauti yake si ya kawaida. "Sina maneno ya kwenye simu," alisema. "Nakuja Jumamosi." Akakata.

Hasnul alikaa mlangoni na viatu vyake mkononi. "Basi amesema," alisema.

"Amesema."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

Alimtazama mkewe, na Zawiyah aliona kwamba na yeye alikuwa amelitegemea neno "bado" kila siku, akaona haya kusema. Wakakaa pale mlangoni bega kwa bega, na mara hii hakuna mtoto aliyewaita.

Mak Long anakuja kuchukua nguo za Usu, hilo lilikuwa wazi. Ijumaa jioni Zawiyah alizikunja. Fulana za kurithi, zilizovaliwa na Angah, kisha Alang, kisha Uda. Kanzu ya Idi. Kikombe cha bluu. Acik alichomeka mle ndani simu ya kuchezea isiyo na betri. Begi likawekwa nyuma ya mlango.

Jumamosi Zawiyah alikuwa na zamu ya asubuhi. Alikuwa katikati ya simu ya bwana mmoja ambaye kiyoyozi chake kinatoa maji badala ya baridi, aliposikia mlango wa lifti ukifunguka nje, kisha sauti asiyoijua. Sauti nyembamba, ya haraka, isiyopumua. "...na jogoo akamfukuza, na mimi nikamfukuza jogoo, na Mak Long akanifukuza mimi, na yule kuku mweusi akaingia chini ya nyumba, hataki kutoka, nikamwambia toka, hataki, nikamwambia..."

Mlango ukafunguka. Usu akaingia mbio, akamwona mama yake, akaona kilicho kichwani mwake, na sauti ikakatika katikati ya neno.

Alisimama palepale. Akagusa midomo kwa ncha za vidole, akafungua kiganja.

Mteja alikuwa anasema, "Maji, dada! Mpaka kwenye zulia!" Pengine msimamizi alikuwa anasikiliza, pengine hapana. Zawiyah aliinua mikono miwili, akavua hedifoni, akaitundika msumarini.

"Sema, mwanangu."

Usu aliutazama msumari kwanza, kuhakikisha. "Mak," alisema, "kazi imeisha?"

"Imeisha," alisema Zawiyah, na zamu yake ilikuwa haijafika nusu.

Basi akamrukia, akapanda magotini, akaanza upya tangu mwanzo habari za kuku mweusi, na watano wengine, ambao kwa kawaida wangefumuka, walikaa sakafuni wakamsikiliza. Mak Long aliingia nyuma yake akihema, kiroba cha krispi begani. Akajikwaa kwenye begi.

"Hili la nani?"

"Nguo zake," alisema Zawiyah. "Ahadi ni ahadi, Mak Long."

Mak Long alitua kiroba. Aliketi juu ya begi lenyewe, maana sakafu yote ilikuwa imejaa watoto.

"Unajua neno lake la kwanza lilikuwa nini? 'Mak Long, kazi imeisha?' Nikasema imeisha. Akasema, 'Basi sasa nirudishe kwa Mak.'" Akapangusa uso kwa ncha ya ushungi. "Likizo nzima, Zawiyah. Mimi nadhani namfundisha kusema, kumbe yeye ananivumilia nimalize kazi nimrudishe kwao. Baada ya hapo akaniambia kila kitu. Anawajua kuku wangu kuliko mimi. Anajua hata wewe unazima feni."

"Lakini amesema, Mak Long. Ulisema akisema..."

"Nilisema. Nilitaka sana aseme. Sasa amesema, nisimsikilize?" Akainuka, akalisukuma begi kwa mguu. "Zirudishe kabatini. Na mimi nitalala hapa siku mbili tatu, nitafutieni godoro. Nyumba yangu ilikuwa haina kelele, sikujua. Sasa najua, na siwezi kurudi leo."

Kutoka ukutani, juu ya meza, sauti ndogo ilikuwa bado inaita. "Halo? Halo, dada? Bado uko hapo?"

Mak Long aligeuza kichwa. "Nani huyo anapiga kelele msumarini?"

"Mtu wa kiyoyozi," alisema Along.

"Mwambie asubiri zamu yake," alisema Mak Long, akanyoosha mkono na kuwasha feni. "Mtoto anaongea."